Waliozikwa Wakiwa Hai

Wajukuu, huko Kanyamwa, Ndhiwa, katika Homa Bay ya leo, palikuwa na mganga aliyesifika kwa maajabu. Jina lake mnalijua kwa sababu ya klabu ya mpira: Gor Mahia. Siku hizi waganga wetu ni watabiri waliojaa vibanda vya gemu, kuanzia Mbita hadi Rongo na Migori mjini. Huyu anasema Xbox imekwisha, yule anaapa kwamba Nintendo haifiki mwakani.

Sikieni basi. Mwaka 1991 Nintendo na Sony, kampuni mbili za Japani, zilikuwa zikiunda mashine ya gemu pamoja. Sony ikaenda kuitangaza kwenye maonyesho ya Chicago. Kesho yake, mbele ya watu hao hao, Nintendo ikasema mshirika wake ni Philips wa Uholanzi! Aibu iliyoje. Ndani ya Sony kwenyewe wakubwa wengi walitaka gemu ziachwe, maana waliziona mchezo wa watoto tu. Injinia Ken Kutaragi akakataa, na mkuu wake, Norio Ohga, akasimama naye. Desemba 1994 ikazaliwa PlayStation, nayo ikauzwa zaidi ya milioni 100.

Sega, kampuni nyingine ya gemu, ndiyo iliyowapa watabiri haki yao. Mwaka 2001 iliachana na mashine yake ya mwisho, Dreamcast. Lakini hata hapo msiba haukukamilika, kwani Sonic, mhusika wao mkuu, alihamia kwenye mashine za Nintendo, hasimu wake wa miaka yote, na Sega inatengeneza gemu mpaka leo.

Nintendo nayo? Hao walianza mwaka 1889 wakiuza karata mjini Kyoto. Mwaka 2012 walitoa Wii U, watu wakaipita dukani; haikufika hata milioni 14. Wajuzi wakawashauri waache mashine, watengeneze gemu za simu. Mwaka 2017 wakaleta Switch, ya kuchezea kwenye televisheni au mkononi, nayo imepita milioni 150. Watabiri walikuwa wamehesabu mashine zilizododa. Akiba ya fedha hawakuihesabu, wala Mario, mhusika wao, ambaye gemu zake kubwa hupati kwenye mashine ya mtu mwingine.

Mbona watu hupenda kumwombea mpinzani kifo? Kwa sababu kununua mashine ni kama kufunga ndoa. Diski ya PlayStation haichezi kwenye Xbox. Kampuni yako ikianguka, gemu mpya zitatengenezewa wengine, na wewe utabaki na sanduku la bei ghali linaloshika vumbi sebuleni. Ndiyo maana mtu hutabiri kile anachokitaka, kisha akakiita ujuzi. Gor Mahia angalau alikuwa na dawa zake!

Kwa hiyo mkimsikia mtu anaizika kampuni, msibishane naye. Mwulizeni kwanza nyumbani ana mashine ya nani.