Jiko, Kidani na Johari Huko Florida

Hoteli ninayotaka kuisimulia leo haiko Diani wala Malindi, ijapokuwa ukiyasikia majina yake utadhani imejengwa nyuma ya Msikiti wa Mandhry. Mkahawa wake mmoja waitwa Jiko, wa pili Boma, wa tatu Sanaa. Duka moja ni Zawadi, jingine ni Johari. Bwawa la kuogelea ni Uzima, na la upande wa pili ni Samawati. Iko katika jimbo la Florida, Marekani, karibu na mji wa Orlando, na mwenyewe ni kampuni ya Walt Disney.

Nilichukuliwa huko na binti yangu na mumewe, wakaao Atlanta, pamoja na watoto wao wawili. Ni mwendo wa gari wa kilomita 700 hivi. Mimi si mtu wa vikaragosi, lakini babu haulizwi; huambiwa tu, "Ingia garini."

Hoteli hizi za familia zina asili yake. Disney alipofungua bustani yake ya kwanza ya michezo, Disneyland, kule California mwaka 1955, hakuwa na ardhi kubwa. Hata hoteli iliyobeba jina la bustani hiyo ilijengwa na mtu mwingine. Punde wafanyabiashara wakamzunguka kwa mahoteli na mikahawa, wakavuna yeye akiangalia. Basi mwaka 1964 na 1965 akanunua ardhi Florida kwa siri, akitumia majina ya makampuni ya bandia ili bei isipande: eka zaidi ya 27,000. Kisiwa cha Mombasa chaweza kuingia humo mara saba. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 1966, na bustani ikafunguliwa Oktoba 1971 pamoja na hoteli zake. Shabaha ilikuwa familia ikishaingia isiwe na haja ya kutoka. Ilale humo, ile humo, ipelekwe michezoni kwa basi la humo na irudishwe humo.

Hoteli ya majina yetu ilifunguliwa mwaka 2001. Sitaki kuidhulumu. Paa lake la makuti ni refu na la kupendeza, chumba cha watoto kina vitanda vya kupandana, na bwawa lina mtelezo mrefu ambao mjukuu wangu wa kiume aliutelezea mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Ukisimama roshani asubuhi waona twiga, pundamilia na ng'ombe wa Ankole wenye mapembe kama mitepe iliyopinduka. Simba hayuko, kwa sababu ambayo twiga waijua. Chakula tuliuliza kila mara, na mpishi mwenyewe akaja mezani kutueleza kilichomo; tukashika samaki, mboga na mikate. Swala tulisali chumbani. Kibla cha huko ni kaskazini mashariki, na mimi niliyezoea Mombasa, ambako twaelekea kaskazini moja kwa moja, ilinibidi kila wakati nijiweke sawa.

Yaliyonikalisha macho ni maneno. Mahali pa mazoezi ya viungo na kukandwa mwili palipewa jina la Zahanati. Msomaji, mimi zahanati naijua kwa foleni, harufu ya dawa na sindano. Jiko nalo, kwetu kijana akioa twasema amepata jiko. Pale jiko ni meza yenye mishumaa na bei ya kumfanya kijana aahirishe harusi. Na kidani! Upande mmoja wa hoteli waitwa Kijiji cha Kidani. Hilo ni neno lililovaliwa shingoni na mabibi zetu, likatungiwa nyimbo na kuimbwa usiku wa kuamkia harusi. Kulikuta limeandikwa juu ya mahali pa kuegesha magari, moyo wangu ulifurahi na kusononeka kwa pamoja.

Mlangoni msichana mmoja alinilaki, "Jambo!" Nikamjibu, "Sijambo, mwanangu, hujambo wewe?" Akacheka kwa haya. Beji yake ilionyesha kwao ni Botswana. Neno lile alilijulia kazini. Sikumlaumu hata chembe. "Jambo" tupu, isiyo na kichwa wala mkia, tuliwauzia wageni sisi wenyewe katika hoteli za Pwani. Hata "hakuna matata" ilivuma katika wimbo wa Them Mushrooms, vijana wa kwetu, mwaka 1982, kabla ya ile filamu ya simba ya 1994. Lakini mwaka 2003 maneno hayo mawili yalisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni kwenye mavazi, na hapo nawaunga mkono wale waliopiga kelele mwaka 2018.

Siku ya pili tulipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya kampuni hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, yaani harambee iliyokatwa mkia, na waliouchora waliiga Lamu. Kuta zimepasuliwa kwa makusudi, rangi imebanduliwa kwa ustadi ili ionekane imeliwa na chumvi ya bahari. Kuna baa iitwayo Dawa. Msikiti sikuuona, wala sikusikia adhana. Lamu ya kweli ina misikiti zaidi ya ishirini, na Maulidi yake hujaza watu kutoka pwani nzima. UNESCO waliutia mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka ule ule hoteli ilipofunguliwa.

Hapo ndipo mjukuu wangu wa kike, wa miaka saba, aliponivuta kanzu. Aliniuliza kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha anayoijua: "Babu, nani aliyekufundisha lugha ya Disney?"

Mamake alinitazama, kisha akatazama chini. Sikusema neno. Usiku ule, watoto wakiwatazama twiga, alitwaa karatasi ya hoteli akaanza kuandika: jiko, uzima, samawati, johari. Akamweleza binti yake moja moja, kwanza kwa Kiingereza, halafu Kiingereza kikaanza kupungua. Alipofika kidani alisita, akaenda kwenye begi lake, akatoa kile cha marehemu bibi yake, akamvisha mtoto.

Mkwe wangu alikuwa akipiga hesabu ya nauli ya watu wanne mpaka Mombasa. Mtoto akauliza kama Lamu kuna twiga. Nikamwambia kuna punda, tena wengi, wapitao chini ya dirisha. Akataka kujua wanaitwaje kwa majina yao.