Kitalu si kivungulio, na mbolea si 'dawa'

Kilimo cha nyanya na pilipili hoho chini ya plastiki kimeenea nchini, ila istilahi zake zinatukanganya bado. Juma hili nitafafanua chache, kwa kuwa neno lisilo sahihi linaweza kumtia mkulima hasara.

Tuanze na jina lenyewe. Wengi husema 'grinihausi'. Katika magazeti yetu neno lililoshika ni kivungulio (wingi: vivungulio), nao Watanzania husema kitalu nyumba. Utata huanzia hapo, maana kitalu pekee ni mahali pa kuoteshea miche, hata pawe nje chini ya kivuli. Mbegu za nyanya husiwa kitaluni. Baada ya majuma 4 hadi 6 hivi, miche huhamishiwa kivunguliooni. Kuhamisha huko ni kupandikiza, wala si kupanda tu.

Kupogoa nako si kupalilia. Anayepalilia hung'oa magugu. Anayepogoa nyanya huondoa machipukizi yanayoota baina ya jani na shina, ili mmea usitumie nguvu zake kukuza majani badala ya matunda.

Neno linaloniudhi zaidi ni 'dawa'. Mkulima akisema, "Nimepiga dawa," huwezi kujua alichonyunyiza. Je, ni mbolea ya majani, ambayo ni chakula cha mmea? Je, ni kiuawadudu? Au ni kiuakuvu, kinachozuia ukungu?

Tofauti hii si ya kamusini tu. Chukulia mnyauko wa bakteria, ambapo nyanya hulegea ghafla zikiwa bado za kijani. Bakteria hao huishi udongoni. Si wadudu, si kuvu. Kata kipande cha shina, ukining'inize katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio hao. Hapo kiuakuvu hakifui dafu, hata ukinyunyiza kila siku. Ng'oa mmea na mizizi yake, uchome, na usipande hapo nyanya, viazi, biringanya wala pilipili hoho msimu unaofuata.

Kwa hivyo, ukifika dukani usiseme, "Nipe dawa ya nyanya." Taja kinachoishambulia nyanya yako: mdudu, kuvu au bakteria. Muuzaji akikuuzia 'dawa' moja ya vyote vitatu, funga kibeti chako uende zako.