Kijana wako na meza ya taa: ni kazi au anapotea?

Kahawa ikishauzwa, sherehe hufuatana. Iwe Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, au Nkwenda na Kaisho wilayani Kyerwa, wikiendi haipiti bila sendofu, harusi au kipaimara. Na pembeni mwa DJ si ajabu kumkuta kijana wa miaka 15 au 16, macho yote kwenye kimeza chenye vitufe na vitelezi, akigeuza ukumbi kuwa wa bluu maharusi wanapoingia.

Anarudi nyumbani usiku, mfukoni ana nauli tu. Mzazi anabaki na swali: mtoto huyu anajifunza kazi, au ndiyo ameanza kupotea?

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Kabla ya kumkataza, ni vizuri mzazi ajue kile anachokifanya pale.

Hesabu ndani ya taa

Taa nyingi za jukwaa za siku hizi huongozwa kwa mfumo uitwao DMX512, uliotolewa mwaka 1986 na USITT, chama cha wataalamu wa majukwaa cha Marekani. Waya mmoja hubeba chaneli 512, na kila chaneli ina ngazi kuanzia 0 hadi 255.

Chukua taa ndogo ya LED yenye chaneli nne: nyekundu, kijani, bluu na ukali wa mwanga. Taa ya kwanza ikipewa anwani 1, ya pili inaanzia 5, ya tatu 9. Ukikosea hapo taa zinagongana: unaomba nyekundu kwenye moja, nyingine nayo inabadilika. Kijana hufanya hesabu hiyo wageni wakiwa wameshaanza kuingia ukumbini.

Fizikia nayo imo. Taa ya zamani ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta zaidi ya ampea 4. Nne zikiwaka pamoja ni zaidi ya ampea 17, wakati plagi ya kawaida ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Taa ya LED ya wati 54 haifikishi hata robo ampea. Mwanafunzi anayejua kugawanya wati kwa volti hawezi kurundika kila kitu kwenye ekstensheni moja, na akikutana na swali la aina hiyo darasani halimtishi.

Sheria inasemaje

Wasiwasi wa mzazi, hata hivyo, si wa bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumwajiri mtoto usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Saa hizo ndizo sherehe inakolea, pombe inamwagika na bodaboda za kurudi nyumbani zinakuwa za kubahatisha. Kwa binti, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Lakini sehemu kubwa ya ufundi huu hufanyika mchana. Kufunga taa kwenye stendi, kupitisha nyaya, kupanga anwani, kujaribu rangi na kuhifadhi mpangilio wa kila tukio, yote hayo huisha kabla mgeni wa kwanza hajafika. Kijana anaweza kujifunza hayo Jumamosi mchana na kuwa nyumbani jioni. Kibaraza cha kanisa na mahafali ya shule ni sehemu nzuri zaidi za kuanzia.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mzazi aende mwenyewe akamwone fundi anayemfundisha mwanawe, amuulize:

- Nani anaunganisha umeme mkubwa na jenereta? Jibu lisiwe mtoto.
- Je, waya wa ethi umefungwa, na nyaya zinalindwaje mvua ikinyesha?
- Nani anapanda juu? Stendi zinazuiwaje zisianguke?
- Mtoto anaondoka saa ngapi, na nani anamrudisha?
- Akifanya kazi ya mtu mzima, analipwa nini?

Kuna jambo la afya pia. Taa za kumetameta haraka, hasa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, zinaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Kama kijana ana historia hiyo, aonwe na daktari kwanza.

Njia ya mbele

Asiye na taa hakwami. Programu ya QLC+ hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Humwezesha kupanga taa na kuona kwenye skrini zinavyobadilika, kabla hajashika waya wowote.

Akimaliza kidato cha nne, milango ipo. Anaweza kusomea umeme katika vyuo vya VETA, ikiwemo chuo cha mkoa kilichofunguliwa mwaka 2022 huko Burugo, Bukoba. Anayetaka jukwaa lenyewe, ipo TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ambako ufundi wa jukwaa hufundishwa pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kayanga, hivyo familia ianze mapema kuweka akiba ya ada na nauli.

Kwa sasa, mkae mezani na kijana mkubaliane: siku za shule hakuna ukumbi, wiki za mitihani hakuna ukumbi, na saa ya kurudi haijadiliwi. Kisha siku moja mchana mfuate huko, umwambie akuonyeshe taa ya tatu inaanzia anwani ipi, na kwa nini. Akieleza ukaelewa, ujue anajifunza kazi.