Kufikia Shahada ya Optometria kwa Njia ya Mwaka wa Msingi

Kila mara matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, sisi wauguzi wa hospitali ya misheni hupata wageni wasio wagonjwa. Mzazi huja na kijana wake, karatasi ya matokeo imekunjwa mfukoni, na swali lao ni moja: "Mama, huyu alitaka mambo ya hospitali, sasa alama hazikutosha. Afanye nini?" Siku hizi wapo wanaotaja macho. Wamesikia kwamba kuna masomo ya kupima macho ya ngazi ya chuo kikuu, na kwamba kuna mwaka wa msingi unaoweza kumvusha kijana aliyekwama. Yote mawili ni kweli, lakini kila moja lina masharti yake, na mzazi asiyeyajua anaweza kupoteza fedha nyingi.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana huku kwetu kila mtu wa macho tunamwita daktari wa macho. Daktari bingwa wa macho ni mtu aliyesoma udaktari wote, kisha akabobea katika macho. Huyo ndiye anayepasua mtoto wa jicho. Fundi miwani hukata vioo na kuvitia katika fremu. Katikati yao yuko mtaalamu wa optometria. Huyu hupima jinsi jicho linavyoona, huandika miwani inayofaa, huchunguza jicho kwa nje na kwa ndani akitafuta dalili za presha ya macho au madhara ya kisukari, na humpeleka mgonjwa kwa daktari bingwa kabla mambo hayajaharibika. Hapasui. Hapa Tanzania kazi hii ina sheria yake, Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na liko baraza linalosimamia na kusajili wanaoifanya. Kwa hiyo kijana atakayeisomea katika chuo kisichotambuliwa hatasajiliwa, hata awe hodari namna gani.

Je, kazi hii inahitajika huku ziwani? Tazameni Kibirizi asubuhi, mitumbwi ikirudi. Mvuvi wa miaka 45 anashona wavu, lakini kutunga uzi kwenye sindano anamwachia mjukuu. Mama anayechambua dagaa mchangani haoni tena vijiwe, na mteja analalamika. Hawa si wagonjwa. Lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri, na kuanzia miaka 40 hivi karibu kila mtu hupata shida ya kuona vitu vya karibu. Miwani ya kusomea tu ingewarudisha kazini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kati yao wasiopungua bilioni 1 upungufu wao ungeweza kuzuiwa au bado haujatibiwa. Katika hao bilioni 1, milioni 826 ni watu wa aina ya mvuvi wetu, wasioona karibu. Halafu yuko mtoto anayekaa dawati la nyuma na kunakili daftari la jirani yake kwa sababu ubao haumfikii. Huyo huitwa mvivu, na pengine huchapwa. Tumewaona wengi wa namna hiyo, na inatuuma.

Sasa tuje kwenye njia. Aliyemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, akafaulu yote matatu kwa alama nzuri, hana haja ya mwaka wa msingi. Ataomba chuo moja kwa moja. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huhesabu alama hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa jumla ni kufaulu masomo mawili makuu yenye pointi 4 kwa pamoja. Shahada za afya huwa zinadai zaidi ya hapo, mara nyingi ufaulu katika masomo yote matatu ya sayansi.

Tuchukue mfano wa binti mwenye D ya Biolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia. S haihesabiwi kuwa ufaulu wa somo kuu. Kwa hiyo ana masomo mawili makuu, pointi 2 na pointi 1, jumla 3. Hakufika. Lakini hakuanguka kabisa, na hapa ndipo mwaka wa msingi unapomhusu.

Kozi ya msingi inayotajwa kwa jina katika mwongozo wa TCU ni ile ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo hiki hufundisha kwa masafa na kina vituo katika mikoa, Kigoma ikiwemo. Kozi imegawanywa katika makundi ya Sanaa, Sayansi na Biashara. Ili cheti chake kikubalike katika udahili wa shahada, mwanafunzi anatakiwa apate wastani wa 3.0 kutokana na masomo sita ya msingi, na alama isiyopungua C katika masomo matatu ya kundi lake. Juu ya hayo awe na matokeo ya kidato cha sita yenye pointi zisizopungua 1.5 katika masomo mawili, au awe na stashahada ya chuo kinachotambuliwa yenye wastani usiopungua 2.0. Binti yetu anazo pointi hizo, na zaidi. Anayefikiria macho asijiandikishe kundi la Sanaa kwa kuwa tu rafiki zake wako huko. Achague Sayansi, akae na Fizikia, Kemia na Biolojia.

Hapa tunaomba mzazi asome polepole. Cheti cha msingi humfikisha kijana mlangoni, lakini anayefungua mlango ni chuo husika. Kila shahada ina masharti yake maalumu, na zipo za afya zinazomtaka mwombaji awe na ufaulu wa kidato cha sita katika masomo fulani, au awe na stashahada ya fani hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, kabla hamjalipa ada ya mwaka wa msingi, fungueni mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huo. Hutolewa kila mwaka na hupatikana bure katika intaneti. Kijana anaweza kuufungua hata kwa simu. Tafuteni ukurasa wa chuo mnachokitaka, someni mstari wa masharti ya wenye sifa linganishi, kisha andikieni chuo na kuuliza waziwazi: Je, mwenye cheti cha msingi cha kundi la Sayansi mnampokea katika shahada hii? Jibu lililoandikwa lihifadhiwe.

Tunasisitiza hivyo kwa sababu tunaijua familia moja ya mwambao iliyouza injini ya mtumbwi kumlipia kijana "mwaka wa maandalizi" katika chuo kimoja cha mbali. Mwaka ulipokwisha, cheti hakikupokelewa na chuo kikuu chochote. Injini haikurudi, na baba yake sasa anavua kwa mtumbwi wa mwenzake.

Ikiwa jibu la chuo ni hapana, msikate tamaa. Njia mojawapo ni kurudia mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Binti wa mfano wetu hana haja ya kurudia kila kitu kwa uzito mmoja; Fizikia ndiyo iliyomwangusha. Njia nyingine, ambayo sisi tunaipenda zaidi kuliko zote, ni stashahada. Pale KCMC, Moshi, kipo chuo kinachofundisha stashahada ya optometria kwa miaka 3. Hata wa kidato cha nne huweza kuomba, mradi amefaulu masomo ya sayansi, nayo Hisabati na Kiingereza humsaidia. (Masomo ya dini hayahesabiwi katika pointi hizo. Tunasikitika kuwaambia, maana tunajua kwamba kwa watoto wengi wa parokia hiyo ndiyo A pekee.) Aliyemaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada baadaye. Tena, akikwama katikati kwa ukosefu wa ada, tayari ana kazi mkononi. Mwenye cheti cha msingi peke yake hana kazi. Ana ruhusa ya kuomba tu.

Majirani zetu nao wana shahada hii. Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala kiliianzisha mwaka 2014, na huko Kenya hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Anayesoma nje ahakikishe kwamba shahada yake itatambuliwa na TCU atakaporudi.

Tuseme kijana amekubaliwa kuanza mwaka wa msingi. Ajiandae na nini? Wengi hudhani kazi ya macho ni Biolojia tu. Sivyo. Nusu ya optometria ni Fizikia ya mwanga. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa diopta, nayo hupatikana kwa kugawa 1 kwa umbali, kwa mita, ambapo lenzi inakusanya mwanga. Lenzi inayokusanya mwanga kwenye nusu mita ina diopta 2. Sasa mchukueni yule mtoto wa dawati la nyuma. Ikiwa anaona vizuri mpaka nusu mita tu, na zaidi ya hapo kila kitu ni ukungu, basi 1 gawanya kwa 0.5 ni 2, naye anahitaji miwani ya kutawanya mwanga ya diopta 2, inayoandikwa kwa alama ya kutoa. Jicho zima la binadamu lina diopta 60 hivi, na urefu wake kutoka mbele hadi nyuma ni milimita 24 hivi. Likirefuka kwa milimita 1 tu, mwenye jicho hilo hupungukiwa na karibu diopta 3. Kijana anayeona raha katika hesabu za namna hii atafaa. Anayezikimbia ajiulize tena mapema, kabla ya ada.

Kwa hiyo aanze na sura za mwanga katika kitabu cha Fizikia cha kidato cha tatu na nne, asione aibu. Achore miale, apime kwa rula. Wanaosoma sasa mchepuo wa Biolojia wasiidharau ile Hisabati ndogo wanayoiita BAM, itawafaa. Kisha Kiingereza, kwa sababu vitabu vyote vya fani vimeandikwa kwa lugha hiyo. Kurasa mbili kila siku kwa sauti, na kuandika kwa ufupi alichosoma, vinasaidia kuliko kozi ya mwezi mmoja ya gharama kubwa.

Neno moja kwa wazazi, na hasa wa mabinti. Masomo ya masafa hufanyika nyumbani, na mtoto aliye nyumbani huonekana hana kazi. Atatumwa maji, atatumwa kuanika dagaa, atabeba mtoto wa dada yake, jioni atashika kitabu akisinzia. Kaka yake anayesoma kozi hiyohiyo hatumwi. Tumeona wasichana wenye akili wakishindwa mwaka wa msingi kwa sababu hiyo tu. Mpeni saa tatu kila siku zinazojulikana na wote nyumbani, na taa. Mazoezi ya maabara na mitihani yana siku zake zilizopangwa, na siku hizo asizuiwe hata kama kuna msiba wa mbali. Waliojiandikisha wawili watatu kutoka Ujiji na Mwanga wakutane Jumamosi wafundishane. Peke yake mtu huchoka.

Kuhusu fedha, mikopo ya Serikali kwa elimu ya juu imewekwa kwa ajili ya shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada zimeingizwa. Kwa mwaka wa msingi, jipangeni kulipa wenyewe.

Mwisho, vyeti. Bodi ya mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Watoto wengi wa parokia waliandikishwa shule kwa jina la ubatizo na jina la babu, huku cheti cha kuzaliwa kikiwa na majina mengine kabisa, na wengine hawana cheti hata kidogo. Waliosoma sekondari Bujumbura, Uvira au Kalemie watahitaji pia vyeti vyao vilinganishwe na Baraza la Mitihani, NECTA. Mambo haya huchukua wiki nyingi, nalo dirisha la udahili halisubiri mtu. Yaanzeni sasa, kijana akiwa bado kidato cha tano.