Sidiria Isiwe Adhabu Kazini

Ndugu wafanyakazi, wapo wanaume watakaocheka kuona habari hii katika gazeti la chama. Wacheke. Sisi tunaozunguka mashamba ya miwa na viwanda vya nguo nchini Uganda tumewaona akina mama wakijikuna hadi ngozi inachubuka, nao waona haya kumwambia msimamizi.

Nailoni hainyonyi jasho. Jasho hukaa chini ya matiti, harara ikatoka, na fangasi wakapata makao. Chagueni sidiria ya pamba, isiyo na waya, yenye kanda pana mabegani. Vidole viwili vipite chini ya ukanda wa mgongoni. Ikiwasha penye kulabu tu, huenda ni madini ya nikeli: shoneeni kitambaa cha pamba hapo. Ya mtumba ifueni kwanza, sabuni yote itoke. Muwasho usiokwisha, nendeni zahanati.

Lakini pamba nayo ikilowa huchubua. Yafaa kubeba ya pili, kubadili saa ya mapumziko. Kubadilia wapi, nyuma ya lori? Ndiyo maana katika madai yetu tumeandika maji na chumba cha kubadilia nguo, na mezani hatutakubali yafutwe.