Unataka kuongeza kasi ya kadi ya michoro ya bei nafuu? Joto la Unguja lina kauli yake

Kijana anayehariri video za harusi au kucheza gemu Unguja mara nyingi hana bajeti ya kadi mpya ya michoro. Anayo ya bei nafuu, pengine mtumba, na anataka imsogeze kidogo. Njia ipo: kuovakloki, yaani kuifanya kadi ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani.

Inafaa, ila usitarajie miujiza. Faida ya kawaida ni kama asilimia 5 hadi 10. Gemu iliyokuwa ikienda kwa fremu 50 kwa sekunde inaweza kufika 53 au 54. Ukikosea, unaweza kuipoteza kadi, na ya mtumba haina waranti.

Kwa nini Unguja ni tofauti

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Chumba chao kina nyuzi 22. Msimu wa kaskazi, chumba chako kinaweza kuwa na 32. Feni haiwezi kuipoza kadi chini ya joto la chumba, kwa hiyo kadi inayofika nyuzi 70 kwao, kwako itakaribia 80 kwa kazi ileile.

Kuna pia hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hushikana na vumbi, huziba feni na kula miguu ya chuma ya kadi. Anayeishi Forodhani au Shangani asafishe kompyuta yake mara nyingi zaidi.

Umeme nao usiusahau. Unguja hupata umeme kutoka bara kupitia nyaya za chini ya bahari: wa kwanza ulianza 1980, na wa megawati 100 ukaongezwa 2013. Kisiwa kiliwahi kukaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009. Siku hizi tatizo la kawaida ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Weka stabilaiza au UPS, na umeme ukikatika chomoa kompyuta, subiri dakika chache baada ya kurudi.

Hatua kwa hatua

1. Safisha kwanza. Toa vumbi, na kama kadi ni kuukuu badilisha pesti ya joto. Hilo peke yake linaweza kushusha nyuzi kadhaa.

2. Pima ilivyo sasa. Weka programu ya bure ya MSI Afterburner, hata kama kadi si ya MSI. Cheza gemu nzito nusu saa, andika joto na fremu. Ikiwa tayari imepita nyuzi 80, ishia hapo. Shughulikia upozaji kwanza.

3. Ongeza kasi ya chipu kwa megahezi 25 tu kila mara, kisha jaribu dakika 10. Ukiona madoadoa, mistari ya ajabu au gemu kujifunga, rudi nyuma megahezi 50.

4. Fanya hivyo kwa memori, 50 kila mara. Fremu zikianza kupungua badala ya kupanda, umezidisha.

5. Panga feni izunguke kwa nguvu mapema. Kelele ni nafuu kuliko kadi mpya.

6. Jaribu saa nzima mchana, saa nane jua likiwa kali. Kadi iliyotulia usiku inaweza kuanguka mchana.

Usiruhusu mipangilio ijiwashe pamoja na Windows mpaka zipite siku kadhaa bila tatizo. Hapo kompyuta ikiganda, unaizima na kuiwasha, kadi inarudi kawaida.

Usiguse haya

Usibadilishe BIOS ya kadi, na usipandishe volti. Kadi kama GTX 1650 isiyo na waya wake wa umeme hutegemea wati 75 za madabodi, hivyo nafasi ya kuongeza ni ndogo. Pawa saplai ya bei chee isiyo na jina nayo ni hatari kuliko ovakloki yenyewe.

Kwa wengi visiwani, kushusha volti kidogo na kuacha kasi ilivyo ndiyo busara zaidi. Joto linapungua, feni inatulia, na kadi haipunguzi mwendo yenyewe kwa kuogopa joto. Mwisho wa siku fremu zinaweza kuwa zilezile za aliyeovakloki, na kadi ikaishi zaidi.