Je, Wajua? Mzizi wa Kifanya Ukifika Maabara

Uduvi huionja dawa kabla yako
Mzizi wa dawa uliochimbwa Kifanya, Njombe, ukapitia Makambako hadi maabara za Dar es Salaam, unaweza kuanza kwa kukutana na uduvi wa maji chumvi. Mayai yao hukaa makavu kwa miaka. Yatie maji ya chumvi, na ndani ya siku mbili yanaanguliwa! Watoto hao huwekwa kwenye maji ya dawa, na baada ya saa 24 wanahesabiwa waliokufa. Taasisi ya Tiba Asili Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, imepima hivyo mimea mingi ya Tanzania. Sumu kwanza, sifa baadaye.

Jibu hutolewa na rangi
Kemikali iitwayo DPPH ina rangi iliyokolea kama zambarau mbivu. Tia dawa yenye antioksidanti, yaani vitu vinavyozima chembe haribifu mwilini, na rangi hiyo inageuka njano. Mashine hupima imefifia kiasi gani, kisha dawa hushindanishwa na vitamini C. Marsden Blois alikitangaza kipimo hiki mwaka 1958, na bado kinatumika dunia nzima.

Hata chai ya Luponde, hapo hapo Njombe, ingeigeuza rangi hiyo vizuri sana. Na miti ya miwati je? Magome yake, ambayo kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 imeyafanya kuwa biashara ya Njombe, yamejaa tanini za kutengenezea ngozi. Tanini hizo nazo ni antioksidanti kali, na zimo katika magome mengi ya dawa. Ndiyo maana mpimaji makini hafurahii njano upesi: huenda ni tanini tu, na kwa kuwa hizo hushikana na karibu kila protini, hata katika vipimo vya protini huonekana hodari kuliko zilivyo.

Yai la kuku hupima uvimbe
Ute wa yai huchanganywa na dawa, ukapashwa moto hadi nyuzi joto 70 hivi. Protini ikiharibika, jambo linalohusishwa na uvimbe, mchanganyiko hufanya ukungu. Dawa ikiizuia, hubaki mwangavu. Pembeni huwekwa diklofenaki, dawa ya maumivu ile ile ya dukani, ili kulinganisha. Ni kipimo cha bei nafuu, ila yai halina damu wala goti linalouma, kwa hiyo safari bado ndefu.

Mwani huvimbisha unyayo wa panya
Tangu mwaka 1962 watafiti humdunga panya karajinani, ute wa mwani mwekundu, na unyayo wake huvimba ndani ya saa chache. Dawa nzuri hupunguza uvimbe huo. Ajabu ni kwamba mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu 1989, hununuliwa kwa ajili ya ute wa jamii hiyo hiyo, unaotiwa kwenye vyakula na dawa za meno!

Gome la Afrika, hataza ya Ufaransa
Prunus africana ni mti wa misitu ya milima ya Afrika, Tanzania ikiwemo. Mwaka 1966 Jacques Debat wa Ufaransa alipata hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome lake, na maabara zimeona linatuliza uvimbe. Soko lilikua hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995, kwa sababu mti uliobanduliwa gome pande zote mara nyingi hufa.